Wageni wa Novemba katika nyanda za Ufipa

Vyuo vikuu nchini hufungua mwaka wa masomo mwishoni mwa Oktoba au mwanzoni mwa Novemba, na Ufipa huo ndio wakati mvua zinapoanza. Kijana aliyepangiwa kusoma Rukwa hushuka basi Sumbawanga siku ambazo kila mwenyeji ana haraka zake. Wakulima wamejaa kwenye maduka ya pembejeo wakitafuta mbegu na mbolea, mafundi wako juu ya mapaa wakiziba mabati yanayovuja, njia za mitaani zimegeuka tope. Jioni, katika mji uliokaa kiasi cha mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, fulana aliyopandia basi Dar es Salaam haimtoshi tena. Kisha, kabla hajafungua begi, ngurumo ya kwanza inapasuka juu ya milima ya Mbizi.

Hapo ndipo utani wote aliousikia tangu sekondari unapomrudia. Kila mkoa Tanzania una sifa yake ya kubandikwa, na Sumbawanga ilibandikwa uchawi: radi ya kuagizwa, radi inayojua jina la mtu, radi ya mchana kweupe. Watu huuchekea kwenye daladala, kwenye makambi ya JKT na kwenye makundi ya WhatsApp ya waliopata udahili. Mimi siuhesabu kuwa mzaha usio na madhara. Utani wetu wa asili una kanuni: mtani hutaniwa, naye hujibu, na msiba ukitokea kila mmoja anajua wajibu wake kwa mwenzake. Huu wa Sumbawanga ni wa upande mmoja. Mtoto wa miaka 19 anaingia chumba cha kupanga akiwa ameshamhukumu mama mwenye nyumba ambaye hajamsalimia hata mara moja. Mhadhiri aliyeajiriwa jana anaulizia taratibu za uhamisho kabla hajauliza ratiba ya vipindi.

Radi yenyewe ina maelezo yasiyohitaji mganga. Uwanda wa Ufipa umeinuka katikati ya maziwa mawili, Tanganyika magharibi na Rukwa mashariki, na yote mawili yamelala takriban mita 1,000 chini yake. Hewa yenye unyevu ikipanda kingo za bonde la ufa hupoa na kujenga mawingu marefu, na mawingu marefu ndiyo yanayozaa umeme. Huku juu nchi ni wazi, nyasi na mashamba hadi upeo wa macho. Mtu aliyesimama na jembe lake, au aliyekimbilia chini ya mti ulio peke yake, ndiye kitu kirefu kuliko vyote vilivyo karibu. Watu hufa kweli, na wengine hufia darasani kwenye shule zisizo na kizuia radi. Jambo hilo lingepaswa kuwa kazi ya kwanza ya chuo chochote cha teknolojia kitakachotia mguu hapa, na ni la maana kuliko vichekesho.

Na chuo kimeshatia mguu. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, MUST kama kila mtu anavyokiita, kina kampasi yake ya Rukwa. Chenyewe kilikua hatua kwa hatua: mwaka 1986 kilikuwa Chuo cha Ufundi Mbeya, baadaye kikawa taasisi, na mwaka 2012 kikawa chuo kikuu kamili. Kabla ya kampasi hiyo mkoa ulikuwa na vyuo vya ualimu na vya afya, na seminari kongwe, lakini aliyetaka shahada ya sayansi kutoka chuo kikuu cha umma kwa kawaida alikwenda Mbeya au mbali zaidi. Majirani zetu wa Katavi, mkoa uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, nao wamepata Ndaki ya Mizengo Pinda ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo huko Mpimbwe. Msukumo mkubwa wa vyuo kusogea pembezoni umetokana na mradi wa elimu ya juu wa HEET, ambao serikali inautekeleza kwa mkopo wa dola milioni 425 za Marekani kutoka Benki ya Dunia.

Fedha hizo hujenga madarasa, maabara na mabweni. Mapokezi hayamo kwenye mkataba wa mkandarasi.

Foleni ya vyeti

Katika vyuo vyetu vingi mgeni hupokelewa na meza. Meza ya kwanza inakagua vyeti halisi vya kidato cha nne na cha sita na cheti cha kuzaliwa. Meza ya pili inataka risiti ya malipo, ya tatu inashughulikia bima ya afya, ya nne ni ya chumba, ambako jibu huwa vimejaa. Mwenye mkopo wa Bodi ya Mikopo anaweka alama ya kidole ili bumu, fedha yake ya kujikimu, litoke. Tangu mwaka wa masomo 2022/23 fedha ya chakula na malazi imekuwa shilingi 10,000 kwa siku, kutoka 8,500, na Sumbawanga, mji uliozungukwa na mahindi na maharage, shilingi hizo zinakwenda mbali kidogo kuliko Ubungo. Mzazi aliyemsindikiza mwanawe hadi hapo huwa amekaa pembeni juu ya sanduku, akiulizwa kila baada ya dakika kumi kama alikumbuka kutoa nakala.

Kisha inafuata wiki ya mafunzo elekezi. Anakuja mshauri wa wanafunzi, anakuja mkutubi, anakuja mtu wa mitihani, anakuja ofisa wa Takukuru, dawati la jinsia la polisi nalo lina zamu yake. Kila mmoja anazungumza nusu saa na kuondoka. Mgeni anatoka akiwa anajua kudisko, yaani kuondolewa chuo kwa kufeli, ni nini, na sapu, mtihani wa marudio, inafanywa lini, ila hajajua soko liko wapi wala jirani yake anaitwa nani. Katika orodha ya wazungumzaji mwenyeji hayumo. Simaanishi mkuu wa wilaya, ambaye akialikwa huja na hotuba iliyoandikwa. Namaanisha mtu aliyelala Sumbawanga miaka 40 na anayejua mambo ambayo hayamo kwenye kitabu cha mwongozo.

Mtu huyo angesema nini? Angeanza na jiko la mkaa. Mwezi wa sita na wa saba baridi ya Ufipa inauma, na usiku kipimajoto hushuka chini ya nyuzi 10. Kijana wa pwani au wa Tabora aliyepanga chumba kimoja hununua mkaa, anapika maharage yake, kisha analiacha jiko ndani lipashe chumba, anafunga dirisha na kuziba mlango kwa nguo. Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Anayelala humo anaweza asiamke. Mwenyeji anajua kwamba jiko hulala nje na blanketi hununuliwa mapema, tena la mtumba zito ni bora kuliko jipya jembamba. Sentensi mbili hizi zina thamani kuliko nusu ya hotuba za wiki nzima.

Angesema pia kuhusu salamu. Mfipa wa kijijini akikutana na mtu wa kuheshimiwa huinama au kuchuchumaa na kupiga makofi taratibu, viganja vikikutana kwa sauti ya chini, na wala hana haraka ya kufika kwenye shida iliyomleta. Mwanafunzi aliyezoea kurusha "mambo vipi" dirishani mwa bajaji anapita mbele ya wazee watatu bila hata shikamoo, kisha anashangaa kwa nini mtaa umemnunia. Hakuna anayemdai apige makofi. Wanamdai asimame. Na angemwambia, maana ni Novemba, kwamba miti ya miombo kule chini na kandokando ya barabara itaanza kutoa uyoga na watoto watauuza kwa sahani. Anunue ule ambao mama mwenye nyumba ameutazama kwanza.

Ni haki kusema kwamba wapo wanaofanya kazi hii bila kuombwa na mtu. Ukifika stendi siku za kufungua utakuta vijana wameshika mabango ya karatasi: TMCS ya Wakatoliki, USCF na CASFETA za Waprotestanti na Wapentekoste, jumuiya za wanafunzi Waislamu. Wanabeba mabegi, wanaulizia vyumba, wanajua mwenye nyumba gani anadai kodi ya miezi sita kwa mkupuo na yupi atakubali ya mitatu. Kuna ushindani wa roho za watu ndani yake, sikatai, na mgeni asiye na dini ya kutangaza hubaki na begi lake. Lakini mabango yale yana jambo ambalo ofisi haijalifikia: aliyeyashika ni mtu aliyeshuka basi hilohilo mwaka mmoja uliopita.

Mhadhiri na cheki namba

Kuhusu wahadhiri wapya hatuzungumzi sana, kwa sababu hawana mabango wala wazazi wa kuwasindikiza. Mkufunzi msaidizi ameomba kazi kupitia Sekretarieti ya Ajira, amefanya usaili na mamia ya wenzake, ameitwa kazini kwa tangazo lililowekwa mtandaoni, na ana siku chache za kuripoti. Anafika na shahada yenye GPA nzuri na nguo za wiki mbili. Anaanza kusubiri cheki namba, maana bila hiyo jina lake halimo kwenye orodha ya mishahara. Miezi hiyo ya kusubiri ndiyo inayoamua kama atakuwa mtu wa Sumbawanga au mtu aliyepangiwa Sumbawanga. Akiipitisha gesti, akila peke yake na kupigia simu marafiki waliobaki Dar, barua ya uhamisho inakuwa imeshaandikwa kichwani. Akipata familia inayomwambia "mwalimu, karibu mezani", na sahani ya migebuka ya Kirando iliyokaangwa ikawekwa mbele yake, hesabu inabadilika.

Barabara pia imebadili hesabu. Tangu lami ya Tunduma hadi Sumbawanga ikamilike, kilometa zipatazo 224 zilizojengwa kwa msaada wa Marekani kupitia shirika lake la MCC, mtu haendi tena Mbeya kwa kubahatisha masika. Lakini lami ina njia mbili. Mhadhiri aliyeweza kuja kirahisi anaweza pia kuondoka kila Ijumaa mchana na kurudi Jumatatu saa nne, na kuna wanaofanya hivyo. Wanafunzi wanawajua kwa majina.

Kigoda kilichotolewa

Kwa nchi inayochekwa hivi na wageni wake, Ufipa ina hadithi ya asili inayostaajabisha, maana kiini chake ni mapokezi. Mwanaanthropolojia Roy Willis, aliyeishi na Wafipa mwaka 1962 hadi 1964 na baadaye akaandika kitabu kizima kuhusu dola zao za kale, aliikusanya kutoka kwa wasimulizi wengi. Wanatofautiana kwenye madogo. Kwenye makubwa wanakubaliana: mtu wa kwanza, Ntatakwa, alishuka kutoka mbinguni, na ukoo wake ukatawala kutoka kijiji cha Milansi, chini ya mlima Itweelele. Siku moja mfalme wa Milansi akiwa porini anawinda, wakatokea wanawake watatu wageni kutoka mbali, wa jamii ya Watwaci. Walipofika, mke wa mfalme akampisha mmoja wao kwenye kigoda cha kifalme. Mfalme alirudi na kumkuta mgeni amekalia kigoda chake.

Katika nchi nyingi hadithi ya namna hiyo ingeishia kwenye damu. Milansi iliishia kwenye mapatano. Wageni walichukua utawala wa nchi. Mwenyeji akabaki na kijiji chake, mlima wake na mamlaka ya kiibada, hata watawala waliofuata wakawa wanauhitaji mkono wa Milansi katika mambo ya kutawazwa. Kutoka kwa uzao wa wageni zikatokea dola mbili, Nkansi na Lyangalile, zilizogombana wakati wao. Milansi ikabaki Milansi.

Sisemi tuwape wahadhiri wapya enzi ya Ufipa. Lakini hadithi hii inajua jambo ambalo kamati za mapokezi hazijui: mgeni aliyepokelewa kweli hukalia kitu, na mwenyeji anayempokea lazima ajue mapema ni kipi hatakiachia. Ukimpa mgeni kiti cha plastiki mwisho wa ukumbi, soda na kofia yenye nembo, hujampokea. Umemhudumia.

Wafipa hawakuwa watu wa kumfungulia kila mpita njia. Wangoni wa Zwangendaba walipowavamia kutoka kusini katika karne ya 19, nchi iliumia. Zwangendaba mwenyewe alifia hapa, Mapupo, miaka ya 1840. Ila mwaka 1880, Mskoti Joseph Thomson alipopita Ufipa alikuta wakulima watulivu, nchi inayopitika bila kushika silaha mkononi. Willis aliliita jambo hilo fumbo la amani: jamii iliyokuwa na historia ya vita vya ndani ikawa, ndani ya vizazi vichache, jamii ambayo wasafiri wake walitembea salama. Maelezo yake yanaweza kubishaniwa. Ninalolipenda ni kwamba yeye mwenyewe, Mwingereza mwenye daftari, alikuwa mmoja wa waliofaidika na tabia aliyokuwa akiichunguza.

Msomi wa kwanza alitoka Timbuktu

Wanafunzi wakipita mbele ya Hospitali ya Dkt. Atiman mjini Sumbawanga, wengi hudhani ni jina la mfadhili wa Ulaya. Adrian Atiman alizaliwa miaka ya 1860 huko Tundurma, karibu na Timbuktu, katika nchi tunayoiita Mali leo. Akiwa mtoto alitekwa na wafanyabiashara wa watumwa, akavushwa jangwa la Sahara hadi Algeria, na huko akanunuliwa na Wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita Mapadri Weupe. Kardinali Lavigerie alikuwa na mpango wa kuwasomesha vijana wa Kiafrika wawe madaktari na makatekista, na Atiman akapelekwa kisiwa cha Malta kusoma tiba. Mwaka 1889 alifika Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, kwenye ngome ambayo Wabelgiji walikuwa wameijenga miaka kumi nyuma na kuwaachia wamisionari mwaka 1885.

Hebu fikiria mapokezi hayo. Kijana mweusi kama wenyeji, ambaye hajui hata neno moja la lugha yao, amevaa kama mzungu, amekuja na mapadri, ana visu vya kupasulia na vichupa vya dawa. Kwa Mzungu watu walikuwa wameshapata mahali pa kumweka. Huyu hakuwa na mahali. Angeweza kuishi ndani ya ngome na kuhesabu miaka. Badala yake alioa mke wa hukohuko, binti wa nyumba ya chifu wa Wabende, akajifunza lugha, akajifunza na dawa za miti shamba kutoka kwa waganga wa wenyeji badala ya kuzidharau, akatibu Karema kwa miaka 67 hadi alipofariki mwaka 1956. Hakuwahi kuomba uhamisho.

Karema leo iko upande wa Katavi, na mwambao si uwanda. Lakini kanisa la Karema ndilo lililokuja kuwa Jimbo la Sumbawanga mwaka 1969, na jina la daktari likapanda mlima pamoja nalo. Ukitaka kujua kama mahali pamempokea msomi wake, tazama kama wamempa jengo au wamempa tu cheti cha kutambua mchango.

Jimbo hilohilo limekuwa na tabia ya kupeana kigoda. Baada ya Askofu Karoli Msakila, maaskofu wawili waliofuata, Damian Kyaruzi na Beatus Urassa, walitoka Kagera na Kilimanjaro. Na uwanda ukatoa wake pia: Polikarpo Pengo, aliyezaliwa Mwazye mwaka 1944, alikwenda kuwa Askofu Mkuu wa Dar es Salaam na Kardinali. Mji unaoweza kumtoa mtu wake na kumpokea wa wengine kwenye kiti cha juu kabisa hauwezi kushindwa na mkufunzi msaidizi wa hisabati.

Lumumba, 1961

Chuo kikuu cha kwanza cha nchi hii nacho kilizaliwa ugenini. Tarehe 25 Oktoba 1961, wiki sita tu kabla ya uhuru, Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilifunguliwa kikiwa na wanafunzi 14 wa sheria. Hakikuwa na jengo. TANU ikakipa jengo lake jipya la Mtaa wa Lumumba, chama kikabanana kwingine, na kwa karibu miaka mitatu wasomi wakafundishwa chini ya paa la wanasiasa hadi walipohamia Mlimani mwaka 1964. Mkuu wa chuo, Cranford Pratt, alikuwa Mkanada. Mwenyeji alitoa nyumba yake mwenyewe, hakutoa ghala.

Alikuwa pia na masharti, na wanafunzi wa miaka iliyofuata waliyaonja: Oktoba 1966 walipoandamana kupinga Jeshi la Kujenga Taifa, Mwalimu Nyerere aliwafukuza zaidi ya 300 kwa siku moja. Mtu anaweza kubisha, nami nabisha, kama adhabu ile ilikuwa ya haki. Lakini hakuna aliyeweza kusema kwamba hakujua mwenyeji anamdai nini.

Huko Oxford na Cambridge, ambako mfumo wa ndaki ulikomaa, mwanazuoni mpya anayeingizwa ndakini husimama mbele ya wenzake, hutoa ahadi na kutia saini kwenye kitabu ambacho wengine wametia kabla yake kwa karne nyingi. Sherehe hiyo ina majoho na Kilatini cha kutosha kumchosha mtu. Kilichomo ndani ni rahisi: kuanzia saa hiyo ana kura kwenye mambo ya ndaki, sawa na mzee wa miaka 70 aliyeketi kando yake. Kwetu mkufunzi msaidizi anaweza kukaa miaka mitano bila kuulizwa lolote isipokuwa kusimamia mitihani. Kampasi changa, ambayo haina wazee wa kulinda viti, ina nafasi ambayo Mlimani hainayo tena. Inaweza kumkabidhi kijana wa miaka 27 kamati ya utafiti wa mkoa mwezi wake wa kwanza. Kama atakosea, atakosea akiwa ndani.

Masharti ya mwenyeji

Na mwenyeji naye adai. Mpaka sasa madai ya mji kwa chuo yamekuwa ya wapangishaji: watu wangapi wanakuja, chumba kiwe bei gani, stendi ya bajaji iwekwe wapi. Hayo ni halali, kila mtu anataka kula. Lakini kuna mengine ambayo Ufipa pekee inaweza kuyadai, kwa kuwa yapo hapa tu.

Kuna ntumba. Mkulima wa Kifipa, tangu kabla ya mfuko wa kwanza wa mbolea ya chumvichumvi kufika, alikata nyasi, akazifunika chini ya tuta la mviringo la udongo, zikaoza, akapata shamba lenye rutuba kwenye ardhi ambayo si tajiri kiasi hicho. Leo Rukwa ni mmoja wa mikoa inayotegemewa kulisha taifa, maghala ya hifadhi ya chakula hujazwa kwa mahindi yake, na bei ya mbolea ndiyo habari ya kila Novemba. Vijana wa maabara wanaweza kupima tuta moja la ntumba na shamba moja la mbolea ya dukani, bega kwa bega, kwa misimu mitatu. Jembe watapewa na mwenye shamba.

Kuna malungu, tanuru ndefu za udongo zilizofikia urefu wa mita tatu, ambazo mafundi wa Kifipa waliyeyushia chuma bila mivukuto, kwa kuuacha upepo wenyewe uvute moto kupitia matundu ya chini. Ndipo chuma kikahamishiwa tanuru ndogo kusafishwa na kupigwa majembe. Wazungu waliandika kuhusu kazi hii mapema karne ya 20, majembe ya kiwandani yalipokuwa yameanza kuiua. Mhandisi anayefundisha elimu ya joto Sumbawanga na hajawahi kwenda kutazama mabaki ya lungu amefundisha nusu. Wanafunzi wake wana picha za tanuru za Sheffield kwenye slaidi, na la babu wa mwenye nyumba wao hawajaliona.

Haya hayangojei HEET. Yanahitaji mhadhiri mmoja, pikipiki, mzee wa kijiji aliyepigiwa simu siku mbili kabla, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayejua Kifipa, maana kwenye kila kundi la wageni wapo wawili watatu ambao si wageni kabisa: watoto wa Laela, wa Namanyere, wa Matai, waliopangiwa chuo umbali wa nauli ya asubuhi kutoka kwao. Hao nao hupita kwenye foleni ileile ya vyeti na kuketi kwenye ukumbi uleule wa mafunzo elekezi, wakielekezwa namna ya kuishi Ufipa na mtu aliyewasili wiki iliyopita. Waitwe mbele. Wapewe kipaza sauti dakika 20, kabla ya ofisa wa Takukuru.